Akiba ya Kivulini

Siku Pazi alipomwita "dada", mwili mzima ulimsisimka Nyamizi.

"Dada Nyamizi, hujambo?" Sauti ilishuka kutoka juu imetulia, haina tusi hata moja ndani yake.

Mtu asiyejua mambo atauliza, kuna ubaya gani mwanamume kumwamkia mwenzake kwa heshima? Ubaya upo. Pazi alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, Nyamizi Mnyamwezi wa Urambo, na tangu zama za mababu waliobeba pembe mabegani kwenda pwani watu hawa ni watani. Mtani hakuamkii, anakutukana. Akija msibani kwenu anadai marehemu hajafa, amesinzia tu kwa uvivu wa ukoo wenu. Anaondoka na kuku wako huku unamtazama, na wewe ukinuna ndiwe mwenye kasoro. Tangu Pazi apelekwe kuishi ndani ya Mkesha, ile setilaiti kubwa inayotazama mvua, nzige na moto wa misitu, na Nyamizi awekwe kituo cha Urambo kuwa mpokeaji wa sauti yake, hawakuwahi kusemezana pasipo kurushiana vijembe.

"We Mzaramo, unaumwa?" aliuliza Nyamizi.

"Siumwi. Naomba leo unisikilize kama mtu baki."

Nyamizi alibana hedifoni masikioni.

"Betri inakufa," alisema Pazi. "Nikiingia kivulini, sijafika hata nusu, taa zinafifia. Mtambo wa kusafisha hewa unaanza kukwama. Naamka mate yameganda kwenye ndevu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukacheka."

Nyamizi alitaka kumjibu, lakini Mkesha ilikuwa imeshuka nyuma ya upeo wa macho na mawimbi yakakatika. Kila inapopita juu ya Urambo huwa na muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai ya moto, basi.

*

Kweli aliambiwa, na kweli alicheka.

"Mnyamwezi," Pazi alikuwa amesema, "kihenge chako mlichonijengea huku kimeingia panya. Mje mnizike mapema kabla sijanuka."

Naye akamjibu, "Mzaramo na ghala wapi na wapi? Wewe umezoea kuokota nazi iliyoanguka yenyewe. Funga mlango ulale, baridi itatoka."

Wote wakacheka. Siku chache baadaye Pazi akarudia, akaongeza kwamba akifa wasimletee ngoma ya Kinyamwezi maana atafufuka kwa kero. Wakacheka tena. Kati ya watani hakuna neno lisilosemeka, hata kifo kinasemwa, na hapo ndipo penye shimo: ukitaka kusema kweli, huna neno lililobaki. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Na si kwamba Nyamizi alikuwa mzembe. Alitazama namba. Mkesha huzunguka dunia kwa muda wa kuchemsha maharage yakaiva. Sehemu kubwa ya mzunguko huo huwa juani, na paneli zake mbili, zilizotandazwa kama majamvi ya kuanikia mpunga, huugeuza mwanga kuwa umeme. Umeme mwingine unatumika papo hapo, mwingine unaingia kwenye betri. Kisha setilaiti inazama ndani ya kivuli cha dunia, paneli zinakuwa mabati tu, na kila kitu kinachopumua humo kinaishi kwa akiba. Majira yale Mkesha ilikuwa ikipita Urambo ikiwa juani, imekwisha kushiba. Namba ilisema betri imejaa. Nyamizi akaridhika.

Lakini betri iliyochoka ina hila. Inajaa upesi kwa sababu imekuwa ndogo, na inaisha upesi kwa sababu hiyohiyo. Uzima wake hupimwa mwisho wa giza, haupimwi mwanzo wa mwanga. Nyamizi alilijua hilo tangu chuoni. Ila mtu aliyekwisha kucheka hatazami mara ya pili.

*

Mkuu wa kituo, Mama Rweyongeza, alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Alikuwa mama wa Kihaya mwenye maneno machache na miwani ya kamba. Aliagiza Mkesha iteremshe kumbukumbu ya umeme ya mizunguko yote iliyopita, wakaketi wawili mbele ya skrini.

Mistari ilipanda na kushuka. Huu ni wa joto la chumba. Huu ni wa mtambo wa hewa. Huu wa taa. Kila walipofika mwisho wa kivuli, akiba ilikuwa imekwanguliwa hadi chini. Na betri haipendi kukwanguliwa. Ukichota juujuu inakutumikia miaka. Ukiifikisha chini kila mzunguko, seli zake zinakufa moja baada ya nyingine, na zilizobaki zinabebeshwa mzigo wa zilizokufa. Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga hawakuwahi kuona betri.

"Chombo cha kumshusha?" aliuliza Nyamizi.

"Tangi lake lilipata ufa, unajua. Wanalitengeneza. Hakitaruka kabla masika haijaisha." Mama Rweyongeza aligusa skrini kwa kalamu. "Kwa mwendo huu betri haifiki huko. Na huu mstari mnene ni wa nini?"

Nyamizi aliutazama. Ulikuwa mstari wa redio ya kurushia sauti, ule mtambo mkubwa unaosukuma maneno ya Pazi kutoka juu mpaka ardhini. Ulipaswa kuwaka juu ya Urambo tu. Ulikuwa umewaka mzunguko mzima, juani na kivulini, hata juu ya bahari ya Pasifiki.

"Huko baharini hatuna kituo," alisema Mama Rweyongeza. "Anaongea na nani?"

Nyamizi aliufuata mstari ule kwa kidole. Uso ulimwaka moto. Alimpenda Pazi, tuseme tu, maana mwenyewe hakuwahi kusema. Walionana ana kwa ana mara moja tu, mafunzoni Tabora, Pazi akala michembe yake yote, vile viazi vitamu vilivyokaushwa vya kwao, akisema ni kodi ya mtani, na siku ya kuagana akamvua sweta mabegani akaondoka nalo. Tangu hapo Nyamizi aliishi kwa vikombe vya chai, na kati ya kikombe na kikombe alifanya kazi, alikula, alilala, lakini hakuwa mahali popote hasa.

"Redio ikizimwa?" aliuliza.

"Ikizimwa, betri inafika. Kwa shida, lakini inafika."

"Hata akiwasha juani tu?"

"Unakula mavuno shambani halafu utaweka nini kihengeni? Paneli nazo siku hizi zimetobolewa na vumbi la huko, zinazalisha kidogo. Anachokitumia mchana ndicho atakachokikosa kivulini." Mama Rweyongeza alivua miwani. "Ila mimi siwezi kukuamuru. Unaijua sheria."

Aliijua. Iliwekwa baada ya mlinzi mmoja wa setilaiti nyingine kuzimiwa sauti na watu wa chini ili kuokoa umeme. Alishikwa na tumbo, akaita mpaka akafa, na hakuna aliyemsikia. Ndipo ikaamuliwa kwamba sauti ni mali ya aliye juu. Amri ya kuizima ipo, lakini ufunguo wake anakaa nao mpokeaji peke yake, yule anayeaminiwa, naye hautumii mpaka mwenye sauti aridhie.

"Muombe," alisema Mama Rweyongeza. "Akikubali, hatuna kesi."

*

"Naongea na wewe," alisema Pazi alipoulizwa, na hakuonyesha aibu. "Unadhani na nani? Ukizama nyuma ya mlima, naendelea. Nakutukana mpaka nirudi tena. Nikiacha, Nyamizi, nasikia sauti ya damu yangu masikioni."

"Inakula akiba yako."

"Nipunguzieni taa. Nipunguzieni joto, sweta lako ninalo, ingawa mmelishona kwa vidole vya kubebea mizigo. Sauti yangu usiiguse."

Alijaribu kutania na utani ukamfia mdomoni. Nyamizi aliusikia ukifa.

"Utakuwa unanisikia," alimwambia. "Redio ya kupokelea ni ndogo, inakula umeme wa tochi. Nitakuwepo kila ukipita."

"Nisikie nisijibu? Hilo ni kaburi lenye dirisha."

"Ni mpaka masika iishe."

"Na nikiumwa? Nikiwa nalia huku, utajuaje?"

Nyamizi alitafuta uongo wa kumpa akaukosa. "Sitajua," alisema.

"Basi hapana. Kama ni kufa, nife nasema. Umenielewa? Huo si utani."

"Nimekuelewa."

"Sema tena."

"Nimekuelewa, Pazi. Umekataa."

Mkesha ikazama.

Nyamizi alitoka nje akakaa kwenye ngazi za kituo. Ng'ambo ya uzio wanawake walikuwa wakitundika majani ya tumbaku bandani, wakicheka kwa sauti, na alitamani kuwa mmoja wao. Mtu mzima, mwenye akili timamu, amesema hapana. Nani kampa yeye haki ya kujua kuliko mwenye mwili? Yule mlinzi wa zamani naye aliuawa na watu waliokuwa wakimwokoa. Halafu akawaza Mkesha ikipita juu ya Urambo yenye giza ndani, paneli zikimeremeta vizuri kabisa, na Pazi akiwa humo amejikunja ndani ya sweta lake. Akawaza kwamba labda hafanyi haya kwa ajili ya Pazi. Labda anataka tu arudi, avuke lango la kituo kwa miguu yake, hata kama atakuja kumchukia. Alikaa na wazo hilo, akaona kwamba ni kweli, na kwamba ukweli wake haubadilishi hesabu ya betri.

Alirudi ndani. Mama Rweyongeza alimtazama usoni, akachukua mwavuli wake akaenda kuangalia jenereta ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Mkesha ilipochomoza, Pazi alikuwa amejikusanya. "Haya, mbeba mizigo! Uyoga umeota huko? Maana naona umenuna tangu..."

"Pazi," alisema Nyamizi. "Mimi ni mtani wako."

"Kwa bahati mbaya."

"Nimekuja kuchukua kitu chako."

Mzaramo gani asiyeyaelewa maneno hayo? Mtani akiyasema ameshaingia uani, kuku yuko kwapani.

"Nyamizi, hapana. Nyamizi, usi..."

Alibonyeza ufunguo. Sauti ikakatika kama uzi wa kushonea.

*

Kilichobaki ni kinara, kidude kidogo kisichozimika kinachotuma namba tu. Nyamizi aliona mstari mnene ukianguka hadi sifuri. Alivuta pumzi aanze kumweleza, kumbembeleza, kumwambia ni kwa nini. Kabla hajasema neno, namba nyingine ikaanguka, ndogo, kiasi cha umeme wa tochi.

Pazi alikuwa amezima sikio. Redio ya kupokelea iko mikononi mwake, hilo hakuna wa chini awezaye kuligusa, naye ameifunga.

Nyamizi aliweka kichwa juu ya meza akalia mpaka kikombe kikaisha.

Siku zilizofuata betri ilianza kupata nafuu. Mwisho wa kivuli akiba ilibaki, kwanza chembe, halafu zaidi ya chembe, haba na haba. Mama Rweyongeza hakumpongeza wala hakumlaumu. Alimletea ndizi za kupika na kusema zimetoka kwao Bukoba, zisichanganywe na takataka za sokoni.

Na kila Mkesha ilipopita, Nyamizi alikaa kwenye kipaza sauti akasema. Sikio limefungwa, namba inaonyesha, alisema vivyo hivyo. Aliahidi atakuwepo, na alikuwepo.

Mwanzoni alimpa habari. Kwamba nyuki wa mjomba wake wamehama mizinga. Kwamba mama yake anaulizia lini yule Mzaramo mlafi ataletwa nyumbani. Baadaye, alipozoea, maneno yakaanza kutoka yenyewe. Kusema na asiyesikia ni rahisi. Alimwambia kwamba siku ile Tabora hakukasirika kuhusu sweta, alikwenda bwenini akakaa na baridi kwa furaha. Alimwambia kwamba amekuwa akimsoma anavyopumua. Mtambo wa hewa unakula umeme kwa kadiri mtu anavyopumua, kwa hiyo alijua saa anayolala, alijua anapofanya mazoezi, alijua zipo nyakati anapumua harakaharaka pasipo mazoezi yoyote, na nyakati hizo yeye huku chini hushikilia ukingo wa meza mpaka namba itulie. Alimwambia anampenda. Alilisema neno hilo mara ya kwanza kwa kunong'ona, halafu akalisema kila kikombe, kama mtu anayefanya mazoezi ya kuimba chumba kikiwa kitupu.

Hakuna kilichorudi. Nyakati nyingine alijishika akingoja kijembe, kimoja tu, hata kile cha vidole vya kubebea mizigo. Alikitamani kuliko chakula.

*

Alasiri moja mvua ilikuwa ikipiga bati la kituo kwa kelele, Mkesha ikachomoza nyuma ya mawingu mahali ambapo hapaonekani kitu. Nyamizi alivuta kiti, akatazama namba kwanza, kama desturi yake. Jumla ilikuwa ileile ya jana. Akafungua kipaza sauti, akasema, "Pazi, leo..." na macho yakarudi yenyewe kwenye skrini.

Jumla ileile, lakini ndani yake mistari miwili ilikuwa imesogea. Mmoja ulikuwa umepanda, mdogo, kiasi cha umeme wa tochi.

Sikio lilikuwa wazi.

Maneno yote aliyoyazoea yakamkimbia kama kuku waliorushiwa jiwe. Anamsikia. Sasa hivi, huko juu, anaisikia mvua hii kwenye bati, anasikia anavyohema. Alipangusa macho ili asome vizuri, ndipo akauona mstari wa pili. Ulikuwa wa joto. Ulikuwa umeshuka kwa kiasi kilekile sikio lilichopanda, sawasawa, kama kitu kilichopimwa kwa mizani.

Akaelewa. Pazi hakuigusa akiba. Ile iliyonunuliwa kwa sauti yake aliiacha kihengeni kama ilivyo, na umeme wa kumsikilizia Nyamizi aliutoa kwenye moto wake mwenyewe, moto ambao tayari ulikuwa umepunguzwa hadi ukomo. Kila neno atakalosema Nyamizi, Pazi atalilipia kwa baridi. Na Mkesha ndiyo kwanza inapanda. Anga zima liko mbele yake.

Angeweza kusema mpaka mwisho. Alikuwa na maneno ya kutosha masika kumi.

"Pazi," alisema. "Nitasema kifupi, upate kuwasha moto. Nilikunyang'anya na ulikuwa umenikataza. Sikuombi msamaha, kwa sababu ungekuwa umekufa, na ukirudi una haki ya kunidai mbele ya watu, nitasimama." Alisogea karibu zaidi na kipaza sauti. "Ninakupenda. Lisikilize kama mtu baki, maana silitanii. Sasa funga sikio, baba, ujipashe joto."

Aliondoa mkono kwenye kipaza sauti.

Alitazama mistari. Alingoja sikio lishuke na joto lipande. Mvua ilipiga bati. Mkesha ilipita utosini kwa Urambo, ikaanza kuteremka kuelekea mashariki, na mstari ule mdogo haukusogea. Pazi alikuwa bado anasikiliza.

Neno moja tu lingemtosha, na Nyamizi alikuwa nalo mdomoni. Aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Akisema, Pazi atangoja jingine, na jingine, na huko juu barafu itamshika ndevu. Basi akanyamaza kwa nguvu zake zote, na Pazi akausikiliza ukimya wake kwa gharama ileile ambayo angeusikilizia wimbo.

Hata Mkesha ilipozama nyuma ya upeo wa macho, ikienda kuingia kivulini, sikio lilikuwa bado wazi.